Jibu moja, mara tatu: namna ya kufanya mazoezi ya majibu ya sosholojia kwa mtihani wa utumishi wa umma India

Mtihani wa utumishi wa umma wa India, ule unaoendeshwa na tume inayojulikana kwa kifupi kama UPSC, una hatua tatu: mtihani wa awali wa kuchagua majibu, mtihani mkuu wa kuandika, na usaili. Kwenye mtihani mkuu kila mtahiniwa huchagua somo moja la hiari lenye karatasi mbili za alama 250 kila moja. Hizo ni alama 500 kati ya 1750 za maandishi. Sosholojia hupendwa na wengi kwa sababu silabasi yake inamezeka haraka, na hata aliyesomea uhandisi anaweza kuianza bila msingi wowote.

Urahisi huo una bei yake. Wote mmesoma maelezo yaleyale, mnawajua wanafikra walewale, na mnakumbuka mifano ileile. Kinachowatenganisha ni kile kinachotua kwenye karatasi ndani ya dakika saba. Watahiniwa wanalijua hilo, kwa hiyo wanaandika sana. Nimesoma mafurushi ya majibu ya mazoezi ambamo jibu la mia mbili linafanana na la kwanza kama mapacha: mwandiko umeharakishwa kidogo, makosa ni yaleyale. Mtu wa namna hiyo amefanya mazoezi ya kukosea.

Ninachopendekeza hapa ni kuandika maswali machache, lakini kila swali uliandike mara tatu.

Anza na hesabu

Kila karatasi ni saa tatu. Ina maswali manane katika sehemu mbili, na unajibu matano. Swali la 1 na la 5 ni ya lazima. Yale matatu mengine unachagua, mradi angalau moja litoke kila sehemu. Maswali ya lazima yana vipengele vitano vya alama 10, kila kimoja kwa maneno yapatayo 150. Maswali mengine, kwa karatasi za miaka ya karibuni, yana vipengele vitatu: 20, 20 na 10.

Jumlisha: majibu 13 ya alama 10 na majibu 6 ya alama 20. Majibu 19 ndani ya dakika 180. Ukigawa muda kwa alama, jibu la alama 10 lina dakika saba na kidogo, na la alama 20 lina dakika kumi na nne na kidogo.

Sasa pima mkono wako. Chukua ukurasa wowote wa maelezo yako, nakili kwa dakika tano kwa mwandiko unaosomeka, kisha hesabu maneno. Tuseme unaandika maneno 25 kwa dakika. Maneno 150 yatakula dakika sita. Umebakiwa na dakika moja tu ya kufikiri, nayo ndiyo hiyo hiyo ya kusoma swali. Maana yake ni kwamba chumba cha mtihani si mahali pa kutafuta hoja. Hoja inatakiwa iwe imeshatafunwa nyumbani, pale ubaki kuipanga tu. Kama mkono wako uko chini ya maneno 20 kwa dakika, usijidanganye: ama ongeza kasi ya mkono, ama jifunze kusema jambo lilelile kwa maneno 120.

Kusanya maswali, kisha yapange

Karatasi za miaka iliyopita zinapatikana bure kwenye tovuti ya tume. Anza na za mwaka 2013 kuja huku, kwa sababu mwaka huo ndipo masomo ya hiari yalipopunguzwa kutoka mawili hadi moja na mtihani ukabadilika sura. Usizisome kwa mpangilio wa miaka. Zichane, kila swali liende kwenye mada yake ya silabasi. Karatasi ya kwanza ina mada kumi, kuanzia sosholojia kama taaluma hadi mabadiliko ya kijamii, na mada ya wanafikra ina watu sita tu: Marx, Durkheim, Weber, Parsons, Merton na Mead. Karatasi ya pili yote ni jamii ya India.

Ukishapanga utaona kwamba maswali yanazungukazunguka. Wazo lilelile linarudi limevaa nguo nyingine. Hapo ndipo utajua ni majibu gani yanastahili kuandikwa mara tatu. Mimi naona majibu arobaini kwa karatasi yanatosha kabisa, ukiyafanya kwa haki.

Neno moja kuhusu yale madaftari ya washindi yanayosambazwa. Tume hairudishi madaftari ya majibu wala haitoi majibu ya mfano kwa mtihani mkuu. Kwa hiyo unachokiona kikizunguka ni majibu ya mazoezi ya mtu aliyefaulu baadaye. Kitazame upate kujua mpangilio wa ukurasa na urefu wa aya. Usikifanye msahafu.

Kufungua swali

Kabla ya kuandika chochote, jifunze kulifungua swali kama mtu anayefungua fundo. Chukua hili, nimelitunga kwa mtindo wa mtihani:

*Je, sosholojia inaweza kuwa sayansi bila kuacha kuelewa maana ambazo watu huyapa matendo yao? Chambua kwa kina.*

Watahiniwa wengi wakiliona hili macho yanang'aa. Wanaandika aya ya waliotaka sosholojia ifuate njia za sayansi asilia, halafu aya ya waliopinga, halafu "kwa ujumla pande zote mbili zina umuhimu". Wameyajibu maneno "sosholojia" na "sayansi". Neno lililobeba swali zima ni "bila". Swali linadokeza kwamba kuna kitu kitapotea, nawe unaulizwa kama ni lazima kipotee. Mtu wa kumwita hapa ni Weber, kwa kuwa yeye alikataa kuchagua: alitaka kitendo kieleweke kwa maana aliyokipa mtendaji, na papo hapo kielezwe kwa sababu na matokeo. Jibu lenye alama linaanza na kukataa huko, kisha linauliza kama Weber alifanikiwa.

Na kitenzi cha mwisho nacho kina amri yake. "Fafanua" linataka wazo lieleweke, na mfano. "Jadili" linataka pande zaidi ya moja zigongane. "Chambua kwa kina" linataka uamue, useme hoja inasimama wapi na inaanguka wapi. "Toa maoni" si ruhusa ya kupiga porojo. Linataka msimamo wako, lakini umeegemezwa kwenye nadharia.

Zoezi la bei rahisi kuliko yote: kila siku fungua maswali kumi bila kuyajibu. Andika mistari mitatu kwa kila moja. Wa kwanza: swali linauliza nini hasa. Wa pili: mimi nasema nini, kwa sentensi moja. Wa tatu: nani ananisaidia, na kwa kazi gani. Ukishindwa kuandika "kwa kazi gani", huyo mwanafikra mwache. Kutaja majina mfululizo kama mwalimu anayeita mahudhurio hakumshtui msahihishaji.

Rasimu ya kwanza: vitabu vimefungwa, saa imewekwa kando

Nitaonyesha kwa swali moja la alama 10: *Tofautisha dhana ya anomi kwa Durkheim na kwa Merton.* Anomi, kwa kifupi, ni hali ya kanuni za jamii kulegea au kukosa nguvu. Hii ni rasimu ya kwanza ya aina niliyokutana nayo mara nyingi mno:

*Emile Durkheim, aliyezaliwa 1858, ni mwanasosholojia mashuhuri wa Ufaransa na mmoja wa waasisi wa sosholojia. Aliandika kuhusu mgawanyo wa kazi, dini na kujiua. Dhana yake ya anomi ni muhimu sana. Anomi ni ukosefu wa kanuni. Robert Merton wa Marekani naye alizungumzia anomi. Alitaja njia tano ambazo watu huitikia: kukubali, kubuni, kushika taratibu, kujitoa na kuasi. Hivyo wote wawili wametoa mchango mkubwa katika sosholojia.*

Hakuna uongo humo ndani, na hilo ndilo linalomlaza mtu usingizi. Iache ilale hadi kesho yake, kisha ishike kwa kalamu nyekundu. Kwa kila sentensi uliza: nikiifuta hii, jibu linapungukiwa nini? Sentensi tatu za mwanzo ukizifuta hakuna kilichopungua. "Ni muhimu sana" haina kazi. Njia tano zimeorodheshwa bila kuambiwa zimetoka wapi. Na sentensi ya mwisho unaweza kuihamishia kwenye jibu lolote duniani likaendelea kuwa lilelile. Swali lilitaka tofauti. Neno "tofauti" au hata "ilhali" halimo.

Hapo sasa ruhusu vitabu vifunguliwe. Soma kurasa chache tu, zile zinazogusa shimo uliloliona. Hii ndiyo faida ya kuandika kabla ya kusoma: unasoma ukijua unatafuta nini.

Rasimu ya pili: hoja kwanza

*Durkheim na Merton wote wanaona chanzo cha ukiukaji wa kanuni kiko kwenye muundo wa jamii, si kwenye tabia ya mtu. Wanaachana kwenye swali la nini kimeharibika. Kwa Durkheim kilichokatika ni breki: matamanio ya binadamu hayana kikomo, jamii ndiyo huyawekea mpaka, na mabadiliko ya ghafla ya uchumi, yawe anguko au neema, huuvunja mpaka huo. Kwa Merton matamanio yenyewe yamepandwa na jamii. Utamaduni unamtaka kila mtu apate mafanikio ya fedha, ilhali njia halali za kuyapata hazikugawanywa sawa. Kwa hiyo anomi ya Durkheim ni ya kupita, ya Merton ni ya kudumu na huwabana zaidi walio chini. Ndiyo sababu Merton anaweza kueleza kwa nini watu huitikia tofauti: huyu anabuni njia haramu, yule anashika taratibu huku lengo ameshalisahau.*

Hili tayari ni jibu. Sentensi ya kwanza inasema wanapokutana, ya pili inasema wanapoachana, na kila kinachofuata kinatumikia hiyo ya pili. Zile njia tano zimekuwa mbili, na zinafanya kazi kuliko zilivyokuwa tano.

Lakini rudi nayo baada ya siku tatu. Kuna kosa. "Anomi ya Durkheim ni ya kupita": si kweli. Kwenye uchunguzi wake wa kujiua wa mwaka 1897, Durkheim mwenyewe anasema kwamba katika ulimwengu wa biashara na viwanda anomi imekuwa hali ya kudumu. Sentensi ilikuwa tamu, ikaandikwa kwa sababu ya utamu wake. Ulinganifu mzuri mno kati ya wanafikra wawili mara nyingi una kitu kimechongwa ili kikae sawa, na msahihishaji aliyekula chumvi kwenye taaluma hii atakunusa mara moja.

Rasimu ya tatu: kwa saa

Sasa weka dakika saba. Usinakili rasimu ya pili, iandike upya kutoka kichwani. Ile sentensi yenye kosa inageuka kuwa hivi: *Durkheim aliona anomi ikidumu hasa kwenye biashara na viwanda, ambako kanuni zimelegea kwa wote, Merton anaiona ikiwabana zaidi wale walionyimwa njia.* Na ukibakiwa na mistari miwili, ongeza ukosoaji: Merton anachukulia kwamba lengo ni moja kwa watu wote, dai ambalo ni gumu kulitetea kwenye jamii yenye tamaduni nyingi.

Rasimu ya tatu ndiyo unayoitunza, pamoja na ile ya kwanza yenye wino mwekundu. Za katikati tupa.

Nani akusahihishie? Ukipata mwenzako mmoja mnayesoma naye, badilishaneni, na mpeane kazi moja tu: aandike pambizoni, kwa sentensi moja, hoja aliyoiona kwenye jibu lako. Asipoiona, hukuiandika, hata kama wewe unaapa ipo. Ukimpa aweke alama, atakupa 6 ili asikuudhi.

Karatasi ya pili ni mnyama mwingine

Kwenye karatasi ya kwanza dhana ndiyo inayoulizwa. Kwenye ya pili inaulizwa India, na dhana ni tochi. Makosa hapa yako ya aina mbili. Wapo wanaoandika kama gazeti: sheria, takwimu, matukio, bila sosholojia. Na wapo wanaoandika kama kamusi ya wanafikra: Ghurye alisema, Srinivas akasema, Dumont akasema, na India yenyewe haionekani.

Jaribu swali hili: *Je, dhana ya usanskritishaji bado inaeleza uhamaji wa kasti katika India ya leo?* Kasti ni kundi la kijamii ambalo mtu huzaliwa ndani yake, lenye daraja lake, na uhamaji hapa ni kubadilisha daraja. M. N. Srinivas, mwanasosholojia wa India, alitumia neno usanskritishaji kueleza jinsi kasti ya chini inavyoiga ibada, ulaji na mwenendo wa kasti ya juu, mathalani kuacha nyama na pombe, ili baada ya kizazi kimoja au viwili idai daraja la juu zaidi. Wengi wataeleza hivyo, wataongeza mifano, kisha watasema "umuhimu wake umepungua kwa sababu ya elimu na miji".

Umepunguaje, hasa? Weka matukio mawili pamoja. Katika sensa ya mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilijaribu kuzipanga kasti kwa daraja la heshima, na maombi yakamiminika kutoka kwa makundi yaliyotaka kuandikwa juu zaidi. Mwaka 2015 Wapatidar wa Gujarat, watu wenye ardhi na biashara, waliandamana kwa maelfu wakitaka waingizwe kwenye orodha ya makundi yaliyo nyuma. Zamani watu walidai kupanda, sasa wengine wanadai kushushwa. Kati ya matukio hayo kuna kilichobadilisha mchezo: tume ya Mandal, iliyochunguza hali ya makundi hayo yaliyo nyuma na kutoa ripoti mwaka 1980, uamuzi wa serikali mwaka 1990 wa kuitekeleza kwa kuyatengea makundi hayo asilimia 27 ya nafasi za kazi za serikali kuu, na Mahakama Kuu Kabisa kuukubali mgao huo mwaka 1992. Dola limeugeuza unyonge wa daraja kuwa dai la haki.

Halafu yuko Ambedkar, kiongozi wa watu wa kasti zilizotengwa, ambaye tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na wafuasi wengi sana. Huyo hakupanda ngazi wala hakuomba kushushwa, aliikataa ngazi. Srinivas mwenyewe alikiri kwamba usanskritishaji hubadilisha nafasi ya kundi ndani ya mfumo bila kuubadilisha mfumo wenyewe. Sasa una jibu la alama 20: dhana inaeleza vizuri aina moja ya uhamaji, ule unaokubali ngazi. Haigusi ule unaopitia dola, wala ule unaoikana ngazi. Na bado haijafa, kwa kuwa kundi hilohilo linaweza kudai unyuma ofisini na usafi wa kiibada hekaluni.

Ona kwamba hapo kuna matukio machache tu, lakini kila tukio linasukuma hoja hatua moja. Tengeneza daftari la matukio ya namna hiyo, ishirini au thelathini, kila moja likiwa na mwaka, mahali, na mstari mmoja unaosema linathibitisha nini. Tukio moja kama lile la 2015 litakufaa kwenye kasti, kwenye siasa, kwenye mageuzi ya kilimo na kwenye harakati za kijamii.

Mambo madogo

Michoro: mmoja mdogo pale unapookoa maneno, basi. Kupigia mstari: maneno mawili matatu kwa ukurasa. Vichwa vidogo vinafaa kwenye jibu la alama 20. Kwenye la maneno 150 vinakula nafasi. Nukuu usizokuwa na uhakika nazo ziache, sema wazo kwa maneno yako. Mtihani mkuu unaruhusu Kiingereza au lugha yoyote kati ya 22 za Jedwali la Nane la katiba. Lugha uliyochagua ndiyo ufanyie mazoezi tangu siku ya kwanza, hata kama vitabu vyako viko kwenye lugha nyingine.

Ratiba inayowezekana

Kati ya mtihani wa awali na mtihani mkuu hupita miezi mitatu hivi, na sosholojia si somo lako pekee. Kwa hiyo kazi ya rasimu tatu ianze mapema, kabla ya mtihani wa awali, polepole: majibu mawili mapya kwa wiki, na kila wiki unarudia ya wiki iliyopita. Miezi mitatu ya mwisho ongeza hadi matano au sita kwa wiki. Wiki nne za mwisho acha kuandika majibu mapya ya pekee na uingie kwenye karatasi nzima.

Karatasi nzima ina somo lake ambalo jibu moja moja haliwezi kukufundisha: kuchagua. Tumia dakika tano za mwanzo kusoma maswali yote manane. Usichague swali kwa sababu kipengele chake cha kwanza ni kitamu. Tazama vipengele vyote vitatu, maana kipengele kimoja usichokijua kinaweza kukugharimu alama 20 nzima. Kuhusu mpangilio, wengi huanza na la 1 na la 5. Si kosa, ila wanatumia dakika tisa kwa kila jibu fupi kwa kuwa bado wana nguvu. Vipengele kumi kwa dakika mbili za ziada kila kimoja ni dakika ishirini, na swali la mwisho linaishia katikati. Andika pembeni saa unayotakiwa kumaliza kila swali, na ikifika, hamia lingine hata kama sentensi inaning'inia.

Karatasi mbili za sosholojia hufanywa siku moja, ya kwanza asubuhi na ya pili mchana. Kwa hiyo angalau mara mbili kabla ya mtihani jipe siku ya namna hiyo: saa tatu, mapumziko, saa tatu, majibu 38. Jioni usisahihishe. Kesho yake chukua majibu matatu ya mwisho ya karatasi ya mchana, yaweke kando ya matatu ya kwanza ya asubuhi, uone mwandiko umefika wapi na sentensi zimekuwa ndefu kiasi gani. Kama ya mchana hayasomeki, badilisha kalamu, punguza urefu wa majibu ya asubuhi, na urudie baada ya wiki moja.